Lisbon una siku mbili tu: Belém, Castelo au Sintra? Soma hapa kabla hujakata tiketi

Viza ikishagongwa na nauli ukishalipa linabaki swali moja, uende wapi. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ina vitu vya kale vingi mno kwa mtu wa siku mbili tatu, afu ukitafuta mtandaoni unaletewa orodha ya sehemu thelathini, kila moja wanakwambia usikose, utadhani zote zina uzito sawa. Hazina. Na kwa mtu wa kwetu, aliyekua anasikia habari za Kilwa na Malindi na Fort Jesus tangu shule ya msingi, uzito wake ni tofauti kabisa na wa mtalii aliyetoka Japani, maana jiji hili lina vitu vilivyotoka pwani yetu moja kwa moja, tena kimoja kimeandikwa kabisa kwamba kimetoka kwetu. Kwahiyo nalinganisha kwa jicho hilo na nasema wazi kipi kiko juu ya kipi, wewe ukiona sivyo utachagua lako.

Ramani kwanza ili tuelewane. Katikati ya mji ni Baixa, iko bondeni, upande wa mashariki kuna kilima cha Castelo, yaani ile ngome ya kale, na mitaa ya Alfama, upande wa pili kuna kilima cha Chiado ambako ndo kuna magofu ya kanisa la Carmo. Belém iko magharibi kando ya mto Tejo, kilomita kama 6 kutoka katikati, unapanda tramu namba 15 au treni ya kwenda Cascais pale Cais do Sodré. Njiani kabla hujafika Belém kuna makumbusho ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, shikilia jina hilo nitalirudia sana. Sintra ni mji mwingine kabisa, uko milimani, treni kutoka kituo cha Rossio kama dakika 40.

Belém: mnara au monasteri?

Watu wengi wakifika Belém wanakimbilia mnara kwa sababu ndo uko kwenye kila picha ya Lisbon. Na ni mzuri, sipingi, umesimama ukingoni mwa maji, ulijengwa kati ya 1514 na 1519 na msanifu Francisco de Arruda, kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa mto, baadaye ukatumika kukusanyia ushuru, ukawekwa taa ya kuongozea meli, hadi jela umekuwa. Nje wamechonga kamba za meli kwa jiwe zinazunguka ukuta mzima, na chini ya kibanda kimoja cha mlinzi kuna kichwa cha kifaru, kimeliwa na chumvi na mvua mpaka wengi wanapita bila kukiona, ni kumbukumbu ya kifaru hai aliyeletwa kwa mfalme Manuel mwaka 1515 kutoka Gujarat kule India. Lakini vyote hivyo viko NJE. Ndani ni vyumba vitupu na ngazi moja nyembamba ya kuzunguka ambayo wanaopanda na wanaoshuka wanapishana kwa zamu, na foleni ya kuingia ni ndefu kwa sababu watu wanaoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ni wachache. Mnara ulifungwa 2025 kwa ukarabati kwahiyo hakikisha kwanza kwenye tovuti yao kama uko wazi, ila hata ukiwa wazi ushauri wangu ni uleule, zunguka nje, piga picha, mtafute kifaru, ondoka.

Muda wako upeleke Jerónimos. Hii monasteri ilianza kujengwa 1501 kwa amri ya Manuel wa Kwanza, ikachukua kama miaka mia, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili na viungo na vinginevyo. Yaani unapoangalia ile nakshi ya mawe, na utaiangalia sana kwa sababu hakuna nguzo mbili zinazofanana kwenye ule ua wa ndani wa ghorofa mbili, unaangalia Bahari ya Hindi imegeuzwa jiwe. Tetemeko kubwa la 1755 liliangusha nusu ya jiji na hii ikabaki imesimama.

Kanisani, ukiingia tu, kushoto kwako ni kaburi la Vasco da Gama na kulia ni la mshairi Camões. Vasco wamemchonga amelala chali, mikono kifuani anasali, ubavuni mwa kaburi wamechonga meli yenye matanga. Huyu ndo yule aliyefika Mombasa Aprili 1498 mambo yakawa magumu, akasogea Malindi akapokelewa vizuri na sultani na akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut kule India. Alikufia Cochin, India, 24 Desemba 1524, na masalia yake yaliletwa hapa karne ya 19, kwahiyo kaburi lenyewe sio la zamani kama kanisa, wengi hawalijui hilo. Mbele kabisa pembeni ya madhabahu kuna makaburi ya mfalme Manuel na jamaa zake na yamebebwa na tembo wa marumaru. Tembo! Simama pale, angalia wale tembo halafu geuka uangalie kule mlangoni kwa Vasco, na juu yako dari la mawe limetandazwa kwenye nguzo nyembamba zilizokwenda juu zikachanua kama minazi. Hakuna jengo lingine Lisbon linalokupa hivyo vyote kwa mpigo mmoja.

Pale pale mbele ukivuka barabara kuna Padrão dos Descobrimentos, ule mnara mkubwa wa zege wenye umbo la meli na sanamu za mabaharia wamejipanga wanatazama mto. Huu sio wa kale, ulijengwa mara ya kwanza 1940 kwa ajili ya maonesho, ukajengwa upya kwa kudumu 1960 wakati wa dikteta Salazar, wakati makoloni yao Afrika bado wameyang'ang'ania. Tazama ile ramani ya dunia iliyotandikwa chini kwa marumaru, ni bure, utaona pwani yetu na miaka waliyofika. Kupanda juu sio lazima.

Kitu cha Kilwa

Sasa hapa ndo nataka tuelewane vizuri, kwa sababu karibu kila orodha ya watalii inaiacha hii au inaiweka mwishoni kwa wapenzi wa michoro. Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Custódia de Belém, ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki wanaweka Ekaristi Takatifu wakati wa kuabudu. Ni cha dhahabu, kimo chake sentimita 73, kimepakwa rangi za kung'aa, katikati kuna mitume 12 wadogo wadogo wamepiga magoti wamezunguka, kila mmoja ana sura yake na ndevu zake na nguo ya rangi yake, juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu zaidi kuna Mungu Baba ameketi. Kazi hii inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente na ilimalizika 1506.

Dhahabu yake imetoka Kilwa. Hii sio hadithi ya vijiweni, imeandikwa kwenye chombo chenyewe. Ukiinama kidogo, kwenye ukingo wa kitako chini kuna maandishi yanazunguka kwa Kireno cha zamani, yanasema mfalme mkuu na mwenye nguvu Dom Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya QILVA, yaani Kilwa. Zunguka taratibu mpaka ulione neno lenyewe. Mimi nililiona nikarudia kuzunguka, nilikuwa naona watu wanapiga picha ya juu kule kwenye mitume wanaondoka, na chini yao kuna jina la kisiwa ambacho sisi kwetu tunapanda mashua kwenda kuona magofu yake.

Ilivyokuwa ni hivi. Kilwa ilikuwa na nguvu kwa sababu ya dhahabu iliyokuwa inatoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, inashuka Sofala kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, inapanda pwani mpaka Kilwa, na kutoka hapo inakwenda Arabuni na India. Msafiri Ibn Battuta alipita 1331 akausifia mji. Vasco da Gama kwenye safari yake ya pili akatia nanga pale Julai 1502, safari hii ana msafara wa meli za mizinga, akamtia mkononi mtawala, amiri Ibrahim, na kumtisha mpaka akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu. Kiasi kinachotajwa ni mitikali 1,500, mitikali ni kipimo cha zamani cha kupimia dhahabu. Dhahabu ikafika Lisbon 1503. Afu Julai 1505 kikaja kikosi kingine cha Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakaupora, wakajenga ngome, na mwezi uliofuata wakaenda wakaichoma Mombasa. Chombo kikamalizika mwaka mmoja baada ya hapo. Weka hizo tarehe kichwani ukiwa umesimama mbele ya kioo, utaona ni kitu kizuri mno na kinauma mno kwa wakati mmoja, na vyote viwili ni kweli.

Manuel alikiachia Jerónimos kwenye wosia wake kwahiyo kwa miaka mia tatu hivi kilikuwa pale monasterini, mpaka 1834 mashirika ya kitawa yalipofungwa Ureno, mali zao zikachukuliwa na serikali na chombo kikaishia kwenye kiwanda cha sarafu, kikakaribia kuyeyushwa. Aliyekiokoa ni mfalme Fernando wa Pili, mumewe malkia, ambaye ndo huyohuyo aliyejenga lile kasri la rangirangi kule Sintra, nalifikia sasa hivi. Makumbusho yenyewe ina vingine, mchoraji Bosch yupo, michoro ya Wajapani ikionyesha Wareno wenye mapua marefu, na pembe za ndovu zilizochongwa Afrika Magharibi kwa oda za Wareno. Na mara nyingi hakuna foleni ya maana.

Ukiniambia nichague kitu kimoja tu Lisbon nzima kwa ajili ya mtu wa Afrika Mashariki, ni hiki. Kabla ya Jerónimos. Kabla ya Sintra.

Castelo de São Jorge au Carmo?

Hivi viwili vinagombania asubuhi yako ya mjini. Castelo iko kileleni, inaonekana kutoka kila kona, ilikuwa ngome ya Waislamu waliotawala hapa kwa karne nyingi mpaka 1147 Afonso Henriques alipouteka mji akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Palestina. Mandhari ya kutoka pale juu ni ya kwanza, mto wote, daraja, mapaa mekundu, na tausi wanajitembelea. Lakini fahamu kwamba sehemu kubwa ya kuta unazoziona zilijengwa upya kati ya 1938 na 1940, Salazar alitaka ngome ya kuonyesha kwenye sherehe za taifa. Cha kale kweli ni ile kona ya uchimbaji, kuna misingi ya nyumba za Waislamu za karne ya 11, na cha kushangaza ndo sehemu ambayo watu hawasimami. Tiketi yake sio rahisi. Na kama unachotaka ni mandhari tu, panda Miradouro da Senhora do Monte, ni bure na Castelo yenyewe inaingia kwenye picha yako.

Carmo ni kanisa lisilo na paa. Lilianzishwa 1389 na jemadari Nuno Álvares Pereira, na asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa kanisani, tetemeko likapiga na paa likawaangukia. Walianza kujenga tena wakaacha. Kwahiyo leo unaingia unakuta matao ya mawe yamesimama matupu, juu ni mbingu, chini ni majani, na kwa nyuma makumbusho ndogo ya vitu vya kale. Nusu saa inatosha. Hapa ndo mtu anaelewa 1755 ilikuwa nini, kuliko kusoma kurasa kumi.

Na nje ya mlango wa Carmo kuna uwanja, Largo do Carmo, una miti na viti na chemchemi katikati, na pembeni kuna kambi ya askari. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha kwenye kambi hiyo, kapteni Salgueiro Maia akaizingira na askari wake, uwanja umefurika wananchi, na jioni Caetano akajisalimisha. Udikteta wa karibu nusu karne ukaishia hapo. Wale askari walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika, Angola, Guinea-Bissau, na Msumbiji, na vita ya Msumbiji iliendeshwa na FRELIMO ambayo ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwenyekiti wake wa kwanza Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu palepale Dar, Februari 1969. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya siku ile ya Largo do Carmo, Msumbiji ikawa huru. Kwahiyo mtu wa Dar akikaa kwenye kiti cha uwanja ule anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba jiji lake lina mkono wake hapa. Mimi Carmo naiweka juu ya Castelo bila kusita, na kukaa uwanjani hulipi chochote.

Ukishuka kutoka Carmo pitia kanisa la São Domingos karibu na Rossio, bure, kuta zake zimebaki na majeraha ya moto wa 1959, mawe yamepasuka na hayakufunikwa kwa makusudi. Nje pale ndo wanapokutana Waafrika wa Lisbon, Waguinea-Bissau hasa, na kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kwenye vurugu za Aprili 1506. Mwaka uleule wa kile chombo, tena.

Sintra: inafaa au haifai?

Inafaa, kama una siku ya tatu. Ukiwa na siku mbili tu usiende, nasema hivyo nikijua mtabisha.

Kasri la Pena, lile jekundu na la njano kileleni, ndo linalovuta watu wote. Fernando wa Pili alianza kulijenga kwenye miaka ya 1840 juu ya magofu ya monasteri ya zamani. Ni zuri kwa mbali kuliko kwa ndani, ndani unatembea kwenye mstari chumba hadi chumba huku umebanwa, na tiketi ina saa maalumu, ukichelewa imekula kwako, na kutoka getini mpaka kasrini ni kupanda mlima tena, hesabu nusu saa. Ukungu nao ni wa kweli, Lisbon jua kali, Sintra huoni mita ishirini.

Ukienda, nakushauri ulinganishe hivi. Pena nunua tiketi ya bustani, achana na ndani. Castelo dos Mouros, ngome ya Waislamu ya kale ambayo iko karibu na Pena, ndo naipenda zaidi, kuta zinapanda na kushuka juu ya majabali na bahari ya Atlantiki unaiona kule, ila mwenye magoti mabaya asijaribu. Quinta da Regaleira iko karibu na mji, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na tajiri António Carvalho Monteiro, ina kisima kikavu cha mita 27 chenye ngazi za kuzunguka mpaka chini unatokea kwenye mapango, watoto wanaipenda kupita maelezo. Ukiwa na familia Regaleira inaishinda Pena. Na ile Palácio Nacional ya mjini kati yenye mabomba mawili makubwa meupe ya kutolea moshi wa jikoni, watu wanaipita tu, wakati ina vigae vya zamani vizuri kuliko Pena yote na unaingia bila kusukumana.

Sasa upange vipi

Jerónimos na Arte Antiga zote zinafungwa Jumatatu, Carmo inafungwa Jumapili, Castelo iko wazi siku zote za wiki. Kwahiyo kama unafika Jumapili jioni basi Jumatatu ni ya mjini, Carmo, São Domingos, Alfama kwa miguu, na Jumanne ni ya Belém. Jerónimos fika kabla hawajafungua na tiketi umeshanunua mtandaoni, ukitoka zunguka mnara kwa nje, halafu panda basi 714 kurudi upande wa mjini, linapita Janelas Verdes, mchana wote kipe kile chombo cha Kilwa. Majengo mengi ya kale Lisbon yanakarabatiwa kwa zamu kwahiyo angalia tovuti siku moja kabla, hasa kama kumbi zote za Arte Antiga ziko wazi, usifunge safari ukakuta turubai.

Anayeishi Ureno kihalali ana siku 52 kwa mwaka za kuingia bure kwenye makumbusho na majengo ya taifa, zitumieni, nakutana na ndugu zetu wana miaka mingi kule na hawajawahi kuingia hata moja. Tramu 28 ni nzuri ila ndo soko la wezi wa mifukoni, simu iweke mbele. Mawe ya barabarani yanateleza mvua ikinyesha, viatu vya soli laini acha hotelini. Mzazi mtu mzima mpeleke Belém, ni tambarare, Alfama na Castelo zitamtesa. Chakula cha halali kipo kingi Martim Moniz, dakika chache kutoka Rossio kwa miguu.

Na mwenye mpango wa kwenda Kilwa Kisiwani mwaka huo huo, aende Kilwa kwanza. Aone Husuni Kubwa na ule Msikiti Mkuu na ngome waliyoiacha ufukweni, ndipo aje asimame mbele ya kile kioo.